Pale Pasipo Kipimo

Mama alipovishwa ile miwani,
kabla hajaulizwa anaona nini,
aliinama akapandisha kanga hadi magotini.
Tulikuwa darasani, Skuli ya Tumbe,
sakafu kavu, hesabu za jana bado ubaoni.
Wenzangu wakacheka.
Mimi nikaitazama miguu yake,
vidole vikitafuta mchanga juu ya saruji.

Miezi kumi na minne nimeijenga bahari hii.
Vipimajoto kumi na kimoja, kila kimoja sawa na kidole gumba,
nilivifunga vigingini toka ufukweni
hadi tumbawe linapoishia na maji kuwa kiza.
Kila nusu saa, namba. Usiku wa manane, namba.
Iddi watu wanakula biriani, namba.
Nikazipaka rangi: baridi buluu, vuguvugu manjano,
na Machi yote nyekundu,
kwa kuwa sikupata rangi kali zaidi.

"Thuwaiba, mbona maji yako hayana harufu?"
Sikuwa na jibu.
"Na haya mawingu mekundu?"
Ni joto, Mama. Ni ule mwezi
mwani wako ulipopauka ukawa kama mishumaa,
ukakatika taitai kwa taitai,
ukabakiwa na kamba tupu
na deni la kamba dukani kwa Mbwana Faki.

Akanyamaza.
Akanyoosha mkono alishike lile joto. Mkono ukapita.
Akanyoosha tena.
"Kumbe ndiyo sura yake,"
kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mwizi
baada ya miaka ya kulaumiwa hakufunga mlango.

Maana walisema mvivu. Walisema hasafishi kamba,
anachelewa kuvuna. Walisema jicho.
Nilikuwa mdogo, nikidhaniwa nimelala.

Kisha akaanza kutembea.
Hatua nane toka meza ya mwalimu, akakata kushoto
kama anayekwenda jikoni kwake usiku bila taa,
akasimama kati ya kipimo cha nne na cha tano.

"Hapa umedanganya."

Hapo palikuwa na manjano laini, bila doa;
nilikuwa nikipaonyesha kwa wageni.
Nikamweleza: hapo hapana kipimo, Mama.
Kompyuta imechukua huku, imechukua kule,
katikati ikakadiria.

"Ikakadiria," akalirudia neno
kama anayeonja mchuzi wa mke mwenzie.
"Hapa pana jicho la maji. Yanatoka chini, matamu,
bahari ikipwa ukisimama vifundo vinakufa ganzi.
Bibi yako Kazija akinawia uso hapa.
Nani kakwambia aliyelala kati ya wagonjwa wawili
lazima naye ana homa?"

Hakuna aliyecheka.

Bamvua lililofuata tulishuka wawili,
na kipimajoto cha kumi na mbili
nilichokiombea kwa barua tatu.
Mama akashika kigingi, mimi nyundo.
Miguu yangu ilijua kabla ya namba.

Siku hizi, kwenye bahari yangu ya darasani,
katikati ya manjano pana doa la buluu,
dogo, kama kifungo cha shati.
Ishirini na sita nukta moja. Ishirini na sita nukta tatu.
Pembeni yake thelathini na moja, na zaidi.

Mama hajarudi kulitazama. Ana kazi.
Amehamishia kamba tatu kule,
si juu ya jicho lenyewe,
"maji matamu nayo yanaua mwani,"
bali hatua tano kando, upande wa jua litokako.
Nilimuuliza kwa nini tano.
Akanitazama kama nilivyomtazama mimi
siku ile alipopandisha kanga.

Miwani bado ina mafuta ya nazi pale alipoigusa.
Nina kitambaa chake maalumu, kimo mkobani.
Sijakitoa.